Kabla Hujanunua Ndege Ndogo ya Porini: Hesabu ya Kuimiliki Ukiwa Nairobi

Swali hili hunifikia karibu kila wiki. Mtu amepata leseni juzi, ameona tangazo la Cessna, anapiga simu: "Kaka, hii bei ni nzuri?" Bei ya tangazo unailipa mara moja. Hanga, bima, ukaguzi, avgasi (petroli ya ndege zenye injini za pistoni) na akiba ya injini vitakuandama mpaka siku utakapoiuza, na hakuna tangazo linalovitaja. Hatua zifuatazo ni za mtu anayeishi Nairobi, anayeweka ndege Wilson au karibu na Wilson, na anayetaka kutua kwenye viwanja vya murramu na nyasi: Mara, Samburu, Amboseli, hata kaskazini huko Turkana.

Sitakufundisha kurusha ndege hapa. Tunapiga hesabu tu.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Logi yako ya urubani ya miezi 12 iliyopita.
- Kitabu cha rubani cha kila ndege unayoifikiria, cha mwaka na modeli ile ile. Cessna 182 ya miaka ya 1960 na ya miaka ya 1980 hazina namba sawa.
- Bei ya leo ya lita moja ya avgasi, uliyoiuliza mwenyewe.
- Makadirio ya bima kwa maandishi, yaliyotolewa kwa jina lako na kwa idadi ya saa zako.
- Fundi mwenye leseni ambaye hamjui muuzaji wala hatakula kamisheni yoyote.
- Daftari. Kompyuta ni sawa pia, ila daftari utaingia nalo hangani.

Piga hesabu yote kwa dola. Injini, propela na vipuri vingi hutoka Marekani na huuzwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Ukarabati mkubwa wa injini wa dola 45,000 ungekugharimu shilingi milioni 7.2 Januari, na milioni 5.85 miezi michache baadaye. Kazi ni ile ile na injini ni ile ile. Ukiweka akiba yako yote kwa shilingi, tofauti hiyo itakulemea wewe.

Hatua ya 1: Andika safari zako za kweli

Fungua logi. Andika kila safari uliyoruka mwaka uliopita: ulikwenda wapi, mlikuwa wangapi, mzigo kilo ngapi, saa ngapi. Usiandike safari unazotamani. Mtu aliyeruka saa 38 mwaka jana huniambia kwamba akiwa na ndege yake ataruka 150. Hutokea, lakini mara chache. Kazi, mvua za Aprili na karo za shule hazitatoweka kwa sababu umenunua ndege.

Kisha tia alama safari tisa kati ya kila kumi. Ndege inunuliwe kwa ajili ya hizo tisa. Safari ya kumi, ile ya kupeleka familia nzima Lamu wakati wa Krismasi, kodi ndege kubwa au kata tiketi.

*Kosa la kawaida:* kununua Cessna 206 ya viti sita kwa sababu ya safari mbili za mwaka, halafu kubeba viti vinne vitupu wiki zote zilizobaki huku ukichoma lita 55 hadi 60 kwa saa.

Hatua ya 2: Pima nguvu kwa kimo cha Nairobi, usipime kwa brosha

Hapa ndipo wanunuzi wetu hujikwaa zaidi, na hapa ndipo ninataka ukae kwa muda.

Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, joto la kawaida kwenye majedwali ni nyuzi 4 tu za Selsiasi. Mchana wa Februari unapata nyuzi 27. Toa 4 kwenye 27, unabaki na 23. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama futi 120, kwa hiyo zidisha kwa 120, unapata futi 2,760. Jumlisha na 5,500: ndege yako inahisi kama iko juu ya futi 8,200. Mabawa yanaona hewa nyepesi, propela inaona hewa nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Injini ya nguvu za farasi 160 iliyo kwenye Cessna 172 nyingi inabaki na kama 120.

Hilo linahusu pesa moja kwa moja. Ndege yenye nguvu kidogo hapa inakulazimisha kuondoka saa kumi na mbili asubuhi au kumwacha mtu mmoja nyumbani. Inakulazimisha pia kubeba mafuta nusu na kutua njiani kuongeza. Kila moja ya hizo ni gharama, hata kama haina risiti. Na ukifungwa na muda ukajaribu kuondoka mchana ukiwa na watu wanne kwenye kiwanja kifupi cha nyasi ndefu, gharama yake ni watu.

Chukua kitabu cha rubani, jedwali la umbali unaohitajika kupaa, soma mstari wa futi 6,000 na nyuzi 30. Ongeza kiasi kitabu kinachotaka kwa nyasi. Halafu weka nyongeza yako mwenyewe, kwa sababu jedwali liliandikwa na rubani wa majaribio kwenye ndege mpya. Mimi huongeza nusu. Kiwanja ambacho hakitoshi baada ya nyongeza hiyo, ndege hiyo haikifai, hata kama rafiki yako aliwahi kutua pale.

Sasa linganisha gharama kwa safari, usilinganishe kwa saa. Kutoka Wilson hadi Keekorok, kule Mara, ni kama kilomita 175 kwa mstari ulionyooka. Super Cub ya farasi 150 inakwenda karibu kilomita 165 kwa saa na inakunywa kama lita 32 hadi 33 kwa saa: dakika 63, lita 34 hivi. Cessna 182 inakwenda kama kilomita 240 kwa saa na inakunywa lita 48: dakika 44, lita 35. Mafuta karibu sawa, na 182 imebeba watu wanne na kuongeza dakika 44 tu kwenye umri wa injini badala ya 63. Anayekuambia Super Cub ni rahisi kwa mafuta yuko sahihi kama kazi yako ni kuzunguka polepole juu ya shamba au hifadhi ukihesabu ng'ombe au tembo, kazi ambayo ndege hiyo haina mpinzani. Kwa kusafiri, hesabu inageuka.

Hatua ya 3: Chagua ndege ambayo mafundi wa Wilson wanaijua kwa mkono

Pita hangani asubuhi moja uhesabu. Utaona Cessna 172, 182, 206 na 210, Caravan za abiria, Super Cub na Husky chache. Ndege ambayo iko hapo mara kumi ina vipuri kwenye rafu, ina fundi aliyekwisha kuifungua tumbo mara nyingi, na siku ukikwama kuna mtu wa kukuazima tairi. Ndege adimu inaweza kuwa nzuri ajabu, lakini kipuri cha dola 80 kitakuja kwa mzigo wa anga, kitapita kwa wakala wa forodha, na ndege itakaa chini wiki tatu huku hanga inahesabu siku.

Kwa kifupi, aina zinazoulizwa sana:

*Cessna 172.* Rahisi kuitunza, wanafunzi wote wanaijua, bima inaikubali. Kwa kimo chetu ni ndege ya watu wawili na mizigo. Zile zilizobadilishiwa injini ya farasi 180 ni habari nyingine, na bei yake inaonyesha hivyo.

*Cessna 182.* Kwa mtu wa Nairobi anayeuliza moja tu, hii ndiyo ninayomtajia. Farasi 230, inabeba, na gurudumu lake liko mbele. Udhaifu wake uko puani, nitaueleza kwenye hatua ya 6.

*Cessna 180 na 185.* Zina gurudumu la mkia na nguvu nyingi, na zilipendwa sana porini. 180 iliacha kutengenezwa 1981, 185 mwaka 1985, kwa hiyo kila moja utakayoiona ni mzee. Bima ya mtu asiye na saa za gurudumu la mkia itakushtua.

*Super Cub, Husky na jamaa zao za kitambaa.* Zinatua mahali ambapo wengine wanapita juu tu. Kitambaa kinachofunika mwili na mabawa ni gharama yenye tarehe: jua letu linakila, na ndege inayolala nje italazimika kuvishwa upya mapema kuliko inayolala hangani. Ukinunua ya kitambaa, hanga si hiari.

*Ndege nyepesi zenye Rotax 912.* Lita 18 hadi 20 kwa saa, na injini inakubali petroli ya gari ya okteni iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Linganisha okteni hiyo na inayouzwa kwenye pampu yako kabla ya kufurahi. Hazibebi sana, na magurudumu madogo hayapendi mashimo ya ngiri.

Hatua ya 4: Jumlisha gharama za mwaka, zile zinazokuja hata usiporuka

Andika kila moja kwenye mstari wake: hanga au maegesho, bima ya ndege yenyewe na ya watu wengine, ukaguzi wa mwaka kwenye karakana iliyoidhinishwa na KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya), na kuhuisha cheti cha ustahiki wa kuruka, propela ya kubadilisha pembe, ambayo watengenezaji wengi wanataka ifunguliwe kila baada ya miaka 5 au 6 hata kama saa hazijafika, betri ya kifaa cha dharura cha 406 (kinachotuma ishara ndege ikianguka), ramani za kielektroniki, leseni yako na uchunguzi wa daktari.

Kuhusu bima, soma ukurasa wa masharti kabla ya ukurasa wa bei. Uliza maswali mawili kwa maandishi: je, mnalipa nikitua kwenye kiwanja kisicho na leseni? Na je, rubani mwenzangu anafunikwa akiwa na saa ngapi? Bima isiyofunika kiwanja cha nyasi cha rafiki yako Laikipia haikufai, maana huko ndiko unakokwenda.

Hatua ya 5: Jumlisha gharama za saa, halafu uziweke pamoja

Avgasi, oili, tairi na breki, ada za kutua (mbuga na hifadhi nyingi hutoza), na akiba ya injini. Watu wengi huruka akiba ya injini. Usiiruke.

Kila injini ina idadi ya saa ambazo mtengenezaji anapendekeza kabla ya kuifungua yote. Lycoming O-320 ni 2,000. Continental O-470 nyingi za 182 ni 1,500. Lakini watengenezaji wote wawili wanataja pia miaka 12. Ukiruka kidogo, kalenda itakufikia kabla ya saa. Uliza karakana yako jinsi kikomo hicho kinavyotumika kwa ndege yako, na upige hesabu ukidhani kinatumika.

Namba zifuatazo nimezitunga ili uone hesabu inavyotembea. Futa zangu, weka zako. Tuchukue 182 na injini yake ya saa 1,500:

- Hanga 3,600, bima 5,000, ukaguzi wa mwaka 4,500, vibali na mengineyo 900, propela 750 (dola 4,500 zilizogawanywa kwa miaka 6). Jumla kwa mwaka: dola 14,750.
- Avgasi lita 48 kwa dola 2, yaani 96. Oili 4. Tairi, breki, ada na vitu vidogo 15. Jumla kwa saa: dola 115.
- Injini: ukarabati wa dola 45,000. Ukiruka zaidi ya saa 125 kwa mwaka utamaliza saa 1,500 kabla ya miaka 12, kwa hiyo weka dola 30 kwa kila saa. Ukiruka chini ya hapo, weka dola 3,750 kila mwaka, uruke usiruke.

Sasa gawanya.

Saa 40 kwa mwaka: dola 577.50 kwa saa.
Saa 100: dola 300.
Saa 150: dola 243 na senti.

Ndege ni ile ile. Kilichobadilika ni mara ngapi umeifungulia mlango wa hanga. Kama klabu inakukodisha ya aina hiyo kwa dola 280 pamoja na mafuta, mstari wa kuvuka uko karibu saa 112 kwa mwaka. Chini ya hapo, kodi. Na sijaweka bei ya kununua yenyewe: dola 110,000 zilizolala kwenye ndege zingeweza kuwa kwenye hati fungani za serikali zikikuletea riba. Kama umekopa, riba ya benki iandike kwenye mstari wa mwaka, isije ikasahaulika.

*Kosa la kawaida:* kuhesabu mafuta peke yake na kuiita "gharama ya kuruka." Nimewasikia watu wazima, wafanyabiashara wanaojua kila senti ya maduka yao, wakisema ndege inawagharimu dola mia moja kwa saa.

Hatua ya 6: Ukaguzi kabla ya kununua

Lipa fundi wako mwenyewe. Ukaguzi wa mwaka uliofanywa wiki iliyopita na karakana ya muuzaji hautoshi.

Nilisimama na fundi mmoja chini ya 182 nzuri sana, rangi mpya, viti vya ngozi. Hakugusa kiti. Alifungua vifuniko vya injini, akalala chali juu ya kadibodi, akamulika tochi sehemu ya chini ya lile bati linalotenga injini na chumba cha abiria. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye bati na kuuburuta polepole kuelekea kushoto. Ukucha ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. "Sikia," akaniambia, akanishika mkono nipitishe mimi pia. Mkunjo mwembamba, haukuonekana kwa macho kwa sababu ulipakwa rangi. Gurudumu la mbele la 182 likitua kwa nguvu, msukumo unakwenda kwenye bati hilo. Kulinyoosha ni kazi kubwa, na injini lazima ishuke. Muuzaji alisema hakujua. Tuliondoka.

Mtake fundi wako aangalie hivi:

1. Bati hilo, kama ni 182, na mahali miguu ya magurudumu inaposhikana na mwili, kama ni 180 au 185.
2. Mgandamizo wa kila silinda, na kamera ndogo ndani ya silinda kuona vali.
3. Filta ya oili, ikatwe na kufunguliwa. Vipande vya chuma ndani yake vinasema mengi.
4. Kutu, hasa kama ndege imewahi kuishi Malindi, Lamu au Diani. Chumvi hukaa chini ya sakafu na ndani ya mabawa.
5. Logi zote tangu ndege ilipotoka kiwandani. Tafuta neno lolote kuhusu propela kugusa ardhi, maana baada ya hapo injini inapaswa kufunguliwa na kukaguliwa ndani.
6. Maagizo ya lazima ya usalama, moja moja, na sahihi ya aliyeyatekeleza.
7. Kitambaa, kama ni ya kitambaa: kipimwe nguvu, kisiangaliwe tu rangi.

Kwenye logi angalia pia saa kwa mwaka. Hili nililipia. Nilinunua robo ya hisa katika 172 ambayo logi yake ilionyesha saa 4 kwa miaka miwili. Niliuona mstari huo na nikafurahi kwamba injini "haijatumika." Kwenye injini za Lycoming kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu, na ndege ikikaa, oili inatiririka na kuiacha kavu. Unyevu unafanya kazi yake. Mwaka wa pili wa umiliki wetu filta ilitoka na chuma cha kumetameta, na injini ikafunguliwa ikiwa na saa chini ya 900. Injini yenye saa nyingi zilizorukwa kila wiki ni salama kununua kuliko yenye saa chache iliyolala.

Hatua ya 7: Hesabu kile pori litakachokula

Murramu ni changarawe. Unapoongeza nguvu ndege ikiwa imesimama, propela inavuta mawe na kujichonga ukingo. Kila mkwaruzo lazima upigwe tupa na fundi, na kila tupa inakaribisha siku ya propela mpya. Jifunze kuanza kutembea polepole kabla ya kuongeza nguvu, na propela yako itaishi. Vumbi linakula filta ya hewa. Ibadilishe kabla ya wakati. Udongo mweusi wa Mara, mvua ikinyesha, unashika magurudumu hadi kwenye breki. Tairi kubwa za porini husaidia, lakini ni ghali na hupunguza mwendo.

Fisi wanatafuna tairi. Nimeamka asubuhi Mara nikakuta alama za meno ukutani mwa tairi la kulia, mashimo mawili ya upana wa penseli, na ndege imeinamia upande. Tangu siku hiyo ninazungushia magurudumu matawi ya mgunga yenye miiba kabla ya giza, kama boma dogo, na hayo hayagharimu kitu. Nyigu wanaojenga kwa udongo nao wanaziba mrija wa kupima mwendo usiku mmoja, kwa hiyo funika mrija mara tu propela inaposimama.

Weka mstari wa dola mia chache kwa mwaka uandike "pori." Mwaka wa kwanza utazidi.

Hatua ya 8: Jaribu hesabu ya chama

Kama saa zako ni 40, tafuta watatu wenye saa 40 kama zako. Ndege itaruka saa 160 kwa mwaka. Kwa namba zile zile, jumla ni dola 37,950, na kila mmoja analipa kama 9,490. Peke yako ungelipa 23,100 kwa saa hizo hizo 40. Na injini haitalala kavu.

Andikeni mkataba kabla ya kununua, mbele ya wakili: nani anapata Krismasi na Pasaka, nani analipa ziada ya bima akipasua kitu, mtu akitaka kutoka hisa inauzwaje. Kila mwezi kila mmoja aweke sehemu yake ya gharama za mwaka kwenye akaunti moja, na alipe kwa saa anaporuka. Akaunti ya injini iwe peke yake, ya dola, na isiguswe kwa kitu kingine chochote. Vyama vingi vya ndege huvunjika kwa sababu ya akaunti hiyo.

Hatua ya 9: Kabla pesa hazijatoka

Ulizia KCAA kama ndege hiyo inakubalika kusajiliwa kwa herufi za 5Y (alama ya ndege za Kenya) na kwa matumizi gani, hasa kama inatoka nje au imejengwa na mtu nyumbani. Hakikisha haina deni la benki. Amana iwekwe kwa wakili, na karatasi iseme itarudi kama fundi wako atakuta kasoro kubwa.

Mambo yakikwama

*Gharama kwa saa imetoka juu kuliko kukodi.* Usilazimishe namba za saa zipande. Rudi hatua ya 8, au kodi mwaka mmoja zaidi huku ukiweka kando kila mwezi kile ambacho ungelipa hanga na bima. Ukishindwa kukiweka kando, ndege nayo ingekushinda.

*Bima imekataa au imetaja bei ya kutisha.* Mara nyingi ni saa zako za gurudumu la mkia. Waulize wanataka saa ngapi na mwalimu, zifanye, uende tena na logi. Wakati mwingine saa 25 zinashusha bei kuliko mabishano ya mwaka mzima.

*Fundi amekuta kasoro lakini unaipenda ndege.* Mwambie aandike makadirio ya kuitengeneza, ongeza theluthi, toa kwenye bei. Muuzaji akikataa, ondoka.

*Hakuna avgasi unakokwenda.* Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti na za turbini, utaikuta mahali pengi, avgasi hapana. Wilson hadi Lodwar ni karibu kilomita 500. Piga simu kabla ya kuondoka, na kama hakuna, hesabu kwenda na kurudi kwa tangi lako, ukibakiza akiba. Pipa la avgasi lililoachwa kwenye kambi lichujwe kila mara, na angalia rangi: avgasi 100LL ni ya buluu.

*Ndege iko chini wiki tano ikisubiri kipuri.* Usiende kila Jumapili kuiwasha dakika kumi ili "kuipa damu." Injini haipati joto la kutosha kukausha maji yaliyo ndani ya oili, na unaiachia unyevu zaidi kuliko ulioukuta. Kama haiwezi kuruka, mwambie fundi aijaze oili ya kuhifadhia, aweke plagi za kukausha unyevu kwenye silinda, azibe tundu la moshi na la hewa, na afunge kitambaa chekundu kwenye propela ili mtu yeyote atakayekuja kuiwasha aone kwanza.